Tochi Ipi kwa Kazi Ipi: Namna ya Kuchagua Mwangaza Unaofaa Usiku

Jua linapotua katika vijiji vyetu, kazi hazikomi. Mama mjamzito hushikwa na uchungu saa nane za usiku, ng'ombe huvunja zizi, mlinzi wa zamu huzunguka sokoni, na mtoto huamka akitaka kwenda chooni nje ya nyumba. Katika shughuli zote hizo tochi ndiyo chombo cha kwanza kushikwa. Hata hivyo, wengi wetu hununua tochi kwa kutazama jambo moja tu, nalo ni ukali wa mwanga wake pale dukani. Tochi iliyo kali kupita kiasi humtia kiwi mwenye kuitumia, humaliza betri kabla ya safari kwisha, na huweza kumsababishia ajali mpita njia mwingine.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mkazi wa kata kujibu maswali matatu kabla ya kutoa fedha yake. Kitu ninachotaka kukiona kiko umbali gani? Nitahitaji mwanga kwa saa ngapi? Je, kazi yenyewe inataka mikono yote miwili?

Namba zilizoandikwa kwenye boksi

Namba inayoonekana kwanza ni lumeni. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka katika tochi, bila kujali unaelekea wapi. Mshumaa mmoja hutoa takribani lumeni 12, na balbu ya zamani ya wati 60 hutoa takribani lumeni 800. Kibatari cha mafuta ya taa hakipiti sana mshumaa.

Kipimo cha pili ni luksi, yaani kiasi cha mwanga unaofika mahali unapoutaka. Lumeni 100 zikitandazwa juu ya meza yenye eneo la mita moja ya mraba huipa meza hiyo luksi 100. Zikitandazwa juu ya ukuta wa mita 10 za mraba, kila sehemu ya ukuta hupata luksi 10 tu. Kwa sababu hiyo tochi mbili zenye lumeni sawa huweza kutofautiana sana. Moja hukusanya mwanga katika mwale mwembamba ufikao mbali, na nyingine huutawanya mbele ya miguu.

Namba ya tatu ni umbali. Watengenezaji wengi makini hufuata kiwango kiitwacho ANSI FL 1, kilichotolewa Marekani mwaka 2009. Katika kiwango hicho, umbali wa tochi ni pale ambapo mwanga wake umepungua hadi kufikia robo ya luksi, kiasi kinachokaribia mwanga wa mbalamwezi pevu. Basi tochi iliyoandikwa mita 200 hukuonesha kitu kilicho mita 200 kama vile ambavyo mwezi ungekionesha. Utatambua kwamba pale pana mti, lakini hutamtambua nyoka aliyelala chini yake. Kwa matumizi ya kweli, hesabu nusu ya umbali huo au pungufu yake.

Kuna kanuni moja ya maumbile inayofaa kukumbukwa: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika hupungua mara nne. Anayetaka kuona mara mbili ya umbali wa sasa anahitaji mwale wenye nguvu mara nne. Macho nayo yana kanuni ya namna hiyo. Tochi ya lumeni 200 haionekani kuwa na mwanga maradufu ya tochi ya lumeni 100. Tofauti huwa ndogo kuliko namba zinavyodai, ilhali betri hutumika mara mbili.

Ndani ya nyumba: lumeni 1 hadi 20

Jicho la binadamu huchukua takribani dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu. Mwanga mkali wa ghafla huiharibu hali hiyo mara moja. Mama anayenyonyesha usiku, au mtu anayemwangalia mgonjwa aliyelala, anahitaji mwanga hafifu unaomwonesha tu anachokishika. Tochi yenye kiwango cha chini kabisa cha lumeni chache yatosha. Ikiwa tochi yako haina kiwango hicho, ifunike kwa kitambaa chepesi cheupe kwa muda mfupi, au ielekeze ukutani ili mwanga urudi kwa upole.

Familia inapotaka kula au mtoto anapotaka kusoma umeme ukiwa umekatika, isimamishe tochi wima mwale ukielekea kwenye dari jeupe. Panapokosekana dari, iweke tochi nyuma ya dumu jeupe la lita 5 lililojaa maji. Mwanga utatawanyika chumbani bila kumchoma mtu macho. Kwa njia hiyo lumeni 100 hadi 200 huhudumia chumba kimoja, nacho kibatari, pamoja na moshi wake na hatari ya moto, huwekwa kando.

Kutembea njiani: lumeni 50 hadi 150

Hapa ndipo uchaguzi wa tochi unapohusu uhai. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Shirika hilo linakadiria kuwa kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Waathirika wengi ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini kama sisi.

Moma, ambaye sehemu nyingine huitwa bafe au kifutu, ana tabia ambayo kila mtembea kwa miguu hana budi kuijua. Nyoka wengi husikia mtikisiko wa hatua na kujitenga. Moma hutegemea rangi yake inayofanana na majani makavu, hivyo hutulia palepale, mara nyingi kandokando ya njia au juu yake, hadi anapokanyagwa. Kishindo cha miguu hakimwondoi. Sharti umwone wewe.

Kwa hiyo mwanga wa mtembezi unapaswa kuangaza eneo la mita 2 hadi 5 mbele ya miguu, ukiwa mpana wa kutosha kuonesha kingo zote mbili za njia. Mwale mwembamba unaopiga mita 300 huacha giza pale hasa unapokanyaga. Ushike chini, usawa wa kiuno, kwa sababu mwanga unaotoka chini huvipa vitu vivuli, na vivuli hutambulisha mashimo, mawe na nyoka. Tumia mwanga mweupe, kwa kuwa mwanga mwekundu huficha tofauti za rangi. Tochi ya simu hutoa makumi ya lumeni tu. Yafaa kwa kwenda chooni uani, lakini kwa safari ndefu humaliza chaji ya simu ambayo huenda ukaihitaji kuombea msaada. Pamoja na tochi, vaa viatu vilivyofunika mguu.

Endapo mtu ameumwa, atulizwe, asitembeshwe, na afikishwe haraka kwenye kituo cha afya. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe wala mguu usifungwe kwa kukazwa.

Kazi za mikono: lumeni 100 hadi 200

Mkunga anayehudumu umeme umekatika, fundi anayeziba pancha, na mfugaji anayemsaidia ng'ombe kuzaa wana haja moja, nayo ni mikono miwili iliyo huru. Kwao tochi ya kuvaa kichwani ni bora kuliko tochi ya mkononi hata kama ile ya mkononi ina mwanga mkali zaidi. Kazi iko umbali wa mkono, kwa hiyo mwale uwe mpana na laini. Mwanga mkali sana ukirudi kutoka kwenye shuka jeupe au chuma king'aacho huyachosha macho na kuficha rangi ya damu au ya ngozi ambayo mhudumu anapaswa kuitambua. Familia inayosubiri mtoto itakuwa imefanya jambo la busara ikiiweka tochi ya kichwani iliyojaa chaji katika vifaa vinavyoandaliwa kwa ajili ya kujifungua.

Ulinzi wa usiku na mifugo: lumeni 200 hadi 500

Mlinzi anahitaji viwango viwili. Muda mwingi atembee kwa mwanga mdogo, na ule mkali autumie kwa sekunde chache anapotaka kutambua sauti au kivuli cha mbali. Anayewasha mwanga mkali mfululizo huwaonesha wote mahali alipo, hujinyima uwezo wa kuona pembeni, na humaliza betri kabla ya alfajiri. Katika kundi la watu wanne, tochi mbili kali na mbili za kawaida zatosha.

Kwa vijiji vilivyo pembezoni mwa hifadhi, mwanga mkali wenye mwale wa mbali ni miongoni mwa zana zinazotumika, pamoja na honi, kuwaondoa tembo mashambani. Kazi hiyo haifai kufanywa na mtu mmoja mwenye tochi. Toeni taarifa kwa ofisi ya kijiji ili askari wa wanyamapori waitwe, na mkae mbali.

Mwanga wako na macho ya mwenzako

Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akitiwa kiwi kwa sekunde 3, amekwisha kupita mita 50 bila kuona njia. Anayetembea barabarani aielekeze tochi ardhini kila chombo kinapokaribia. Dereva ataliona duara la mwanga na kujua kwamba pana mtu. Adabu hiyo iwahusu pia walinzi: mwanga uelekezwe kifuani au mikononi mwa mtu anayehojiwa, usielekezwe machoni. Watoto waelezwe kwamba kumulikana machoni si mchezo.

Hesabu ya betri

Balbu ya LED iliyo nzuri hutoa takribani lumeni 100 kwa kila wati moja. Betri nzuri ya lithiamu yenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, aina inayotumika katika tochi nyingi za kuchaji, huhifadhi nishati ya takribani wati 11 kwa saa moja. Kwa hiyo lumeni 100 zaweza kudumu karibu saa 10, ilhali lumeni 1,000 hudumu saa moja tu, na tochi ikiwa imepata joto kali. Mlinzi wa usiku kucha akiifahamu hesabu hii hatashangaa tochi yake kuzimika saa tano.

Hesabu hiyohiyo hufichua udanganyifu. Tochi ya mfukoni iliyoandikwa lumeni 100,000 ingehitaji wati 1,000, yaani nguvu inayokaribia ya pasi ya umeme. Hilo haliwezekani. Vivyo hivyo, betri ya ukubwa uliotajwa hapo juu haiwezi kubeba mAh 9,900. Zilizo bora hufikia takribani 3,500. Kumbuka pia kwamba katika kiwango tulichokitaja, muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga unapobaki sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo. Saa 10 zilizoandikwa huenda zikawa na saa kadhaa za mwanga hafifu.

Betri za kutumia mara moja zisichanganywe mpya na kuukuu, na zitolewe katika tochi isiyotumika ili zisivuje. Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe tena. Betri yoyote isitupwe motoni, chooni wala shambani. Kwa msimu wa mvua na kwa wavuvi, tafuta alama ya IPX4 kwa tochi ya kustahimili manyunyu, na IPX7 kwa ile inayoweza kuzama katika maji ya mita moja kwa dakika 30.

Jaribio kabla ya kuitegemea

Dukani, omba tochi iwashwe katika kona yenye giza kwa dakika 10. Ikififia au ikichoma mkono, irudishe. Dai risiti na uitunze, kwa kuwa bila risiti ni vigumu kulalamika kwa Shirika la Viwango Tanzania au Tume ya Ushindani juu ya bidhaa duni au bandia.

Ukifika nyumbani, mwombe mtu aweke kipande cha kamba ya katani yenye rangi ya udongo mahali fulani katika njia unayoipita kila usiku, bila kukuambia ni wapi. Tembea kwa mwendo wako wa kawaida. Ukiiona kamba hiyo hatua tano kabla ya kuifikia, tochi hiyo inafaa kwa njia hiyo. Ukiikanyaga, badili kiwango cha mwanga, badili namna unavyoishika, au badili tochi yenyewe. Jaribio hili wafanye na wazee wa nyumba pia, kwa sababu jicho la mtu wa miaka 70 huhitaji mwanga mwingi kuliko la kijana, na tochi inayomtosha mjukuu huenda isimtoshe babu.