Umefika Mwanza na watoto? Usiwaagizie chipsi kuku

"Hao watoto tuwawekee chipsi kuku, mama. Sato ana miiba."

Kijana aliyesema hivyo alikuwa amesimama na kijidaftari mkononi, na nyuma yake Ziwa Victoria lote, kilomita za mraba 68,800 za maji. Sisi tulikuwa tumetoka Dodoma kwa basi, karibu kilomita 700 kupitia Singida na Shinyanga, na watoto walianza kuulizia samaki tangu Manyoni. Kuku tulikuwa nao nyumbani. Wengine niliwaacha wanataga.

Nilivuta pumzi nimjibu, lakini mama mkwe akaniwahi. Huyu ni mtu wa Ukerewe, kazaliwa huko na kakulia huko, na samaki kwake si jambo la kujadiliana na kijana mwenye kijidaftari.

"Mjukuu wangu," akamwambia, "lete hao sato kwanza tuwaone."

"Wapo jikoni bibi, wazuri tu."

"Hata mimi ni mzuri. Walete."

Wakaletwa ndani ya beseni. Mama akafunua matamvua ya mmoja mmoja, akabonyeza ubavuni kwa kidole gumba, akawarudisha wawili bila kusema neno. Kijana alinuna. Mume wangu alijifanya anatazama mitumbwi. Mimi nikaamua hapohapo kwamba makala hii nitaiandika, kwa sababu naona familia nyingi zinafika Mwanza, zinakaa kando ya ziwa, halafu watoto wanakula chipsi zilezile wanazokula kila Jumamosi mtaani kwao huku wazazi wakifaidi sato peke yao. Wanaogopa miiba. Miiba ina dawa yake, nami nitaieleza.

Nina mambo matano ya kuwaambia. Namna ya kumtambua samaki aliyevuliwa karibuni siihesabu kati ya hayo. Mama zenu waliwafundisha.

Kwanza ni bei. Patana kabla samaki hajagusa moto, na uulize kama bei hiyo ni pamoja na kuchomewa na ugali. Hapo tulikubaliana shilingi 15,000 kwa sato mmoja. Bili ilipokuja imeandikwa 18,000, na tofauti ikaelezwa kuwa ni "ya jikoni". Ya jikoni! Kwani nilitarajiwa kumla mbichi? Tulibishana, akaitwa msimamizi, msimamizi akamwita mwingine ambaye sikuelewa cheo chake, na mwisho tukakutana katikati. Jina la mahali hapo silitaji, ila ukiona menyu haina bei za samaki, imeandikwa tu "kulingana na ukubwa", hapo shika pochi yako vizuri. Mama lishe wa pale mwaloni Kirumba hana menyu kabisa, na bei anayokutajia ukifika ndiyo utakayolipa ukiondoka. Kwangu mimi huyo anamshinda mwenye vitambaa vyeupe mezani.

Pili ni muda. Sato mzima wa kuchoma hataki haraka, na jiko la mkaa halijali kwamba mtoto wako ana njaa. Ukiambiwa "sasa hivi", fahamu kuwa mkaa ndio kwanza unawashwa. Chukua namba ya simu ya mahali hapo mapema, piga, agiza, kisha nenda mahali pengine. Kama mko upande wa Capri Point, kisiwa cha Saanane kiko karibu sana kwa boti. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na watoto wakirudi kutoka huko wanakuta moto umeshafanya kazi yake. Sisi hatukupiga simu kwa sababu mama haamini samaki anayechaguliwa kwa simu. Tukakaa. Watoto wakataka kuchezea maji, nikawakatalia, maana kwenye maji ya ukingoni yenye majani ndiko konokono wa kichocho wanakopenda kukaa. Soda ya Stoney Tangawizi iliokoa amani ya familia. Nimejaribu vinywaji vingi vya kusubiria samaki na sijaona kinachoifikia.

Sasa jambo la tatu, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Mimi nimekulia Dodoma. Samaki wa utotoni kwangu alikuwa mkavu, ananukia toka stendi, na tulimla kwa kumvunjavunja ndani ya mchuzi. Nilipoolewa nikawa namla sato mbichi kwa namna ninayowaona wengi wakimla: unamchomoa mnofu pale palipo karibu na kidole, unautafuna kwa wasiwasi, unatema. Ukila hivyo, kweli huwezi kumpa mtoto. Mama mkwe aliniangalia mara ya kwanza nilipofanya vile, akasogeza sahani yangu kwake, akaniambia, "Mwanangu, samaki ana mlango. Wewe unaingilia dirishani."

Mlango uko mgongoni.

Kazi inaanza kabla ya moto. Mwambie mpishi amchanje ngozi tu, kisu kisifike mfupani. Wapishi wengi wanapenda kuchanja kwa nguvu ili chumvi na ndimu viingie, na wanapofika mfupani wanakata miiba vipande vifupi ambavyo baadaye hutavipata kwa macho wala kwa kidole. Siku ile mama aliinuka mwenyewe akaenda mpaka jikoni kusimamia hilo. Tukasikia sauti zikipanda. Akarudi akiwa ametulia, na nyuma yake mpishi akichungulia mlangoni kumtazama huyu bibi ni nani.

Samaki akija, mwache apoe mpaka vidole vivumilie. Uma weka pembeni. Hii ni kazi ya mkono ulionawa. Mlaze ubavu, mgongo ukuelekee wewe. Lile pezi refu la mgongoni lina miiba mikali iliyolalia upande wa mkia. Lishike kwenye ncha yake ya nyuma, huko karibu na mkia, ulivute taratibu kuelekea kichwani. Ukilivuta kinyume litakatika na kukuachia mizizi yake ndani. Ukilivuta hivyo nilivyosema, linatoka zima pamoja na safu ya vijiti vyembamba vilivyokuwa vimejichimbia chini yake. Hivyo vijiti ndivyo vinavyowatisha watu. Fanya vilevile kwa pezi la chini, lile la nyuma ya tumbo.

Hapo utaona ufa pale mgongoni. Ingiza kidole gumba. Ubavuni mwa samaki kuna mstari unaoanzia nyuma ya shavu kuelekea mkiani. Pitisha kidole juu ya mstari huo kama anayefungua zipu, na mnofu utagawanyika wenyewe, wa juu na wa chini. Ule wa juu, mnene, mweupe, ndio wa mtoto mdogo. Usukume utoke kwenye mfupa, kisha uupapase kwa vidole viwili, hasa upande wa kichwani, kwa kuwa kuna safu fupi ya miiba inayojificha hapo kwenye mstari. Ukiigusa unaing'oa. Ukishaipita hiyo, kipande chote mpe mtoto.

Mnofu wa mkiani ni wa mtoto mkubwa, anayeweza kutafuna polepole na kutoa mwiba mmoja ukimponyoka mama yake. Tumboni ndiko kwenye mbavu, nyembamba na zilizopinda, na ndiko kwenye mafuta na utamu kuliko kote. Huko ni kwa watu wazima, na sioni aibu kusema kwamba mgawanyo huu unanifaa.

Watu wengi hukosea kwenye upande wa pili. Wanamgeuza samaki, na akigeuzwa anavunjika, miiba inachanganyika na mnofu, kazi yote inaharibika. Usimgeuze. Shika mkia, uinue juu taratibu, na uti wa mgongo wote utang'oka ukifuatana na kichwa, huku mnofu wa chini ukibaki sahanini. Unaupapasa kama ulivyofanya mwanzo, unagawa. Kichwa hakitupwi. Nyumbani kwetu kichwa ni cha mama mkwe, na anavyokimaliza hata paka hapati la kufanya.

Binti yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akitazamwa na yule kijana kama mtu wa chipsi kuku, aliomba afungue samaki wake mwenyewe. Bibi yake akamshika mkono kwenye pezi tu, mengine akamwachia. Alipouinua ule uti mzima mzima, na kichwa kikining'inia, meza ya pili wakapiga makofi. Walikuwa familia kutoka Arusha, na watoto wao wanne walikuwa wanachovya chipsi kwenye tomato sosi iliyoongezwa maji. Baba yao akasogeza kiti, akauliza, "Mama, hebu rudia hapo kwenye mkia." Mama mkwe akarudia, kwa samaki wake yeye huyo baba, na akamtoza kichwa.

Kijana wetu mwenye kijidaftari alisimama nyuma akitazama. Hakusema kitu. Mimi nilimtazama pia, na ninakiri nilimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mtaniuliza: kwa nini usiagize filleti, yakaisha? Kwanza, filleti haina macho. Samaki asiye na macho hakuambii ametoka ziwani leo au ametoka kwenye friza ya mwezi jana. Mwaka juzi hoteli moja ya ufukweni ilituuzia vipande vya sangara vilivyoviringishwa kwenye unga wa mkate, na watoto wakauliza kama ni kuku. Pili, sangara ni mnyama mwingine. Ana mafuta mengi, mifupa yake ni mikubwa na inaonekana, kwa hiyo kipande chake kwenye mchuzi ni salama kwa mtoto, ila kwenye mkaa simpi nafasi mbele ya sato. Na viwanda vya minofu vya hapa Mwanza vimezoea kusafirisha kilicho bora mpaka Ulaya. Wenyeji wa umri wangu wanayakumbuka mapanki, yale mafupa ya sangara yenye mabaki ya nyama, na mabishano yaliyozuka baada ya ile filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004. Kumtaja sangara mbele ya mama mkwe ni kuanzisha mazungumzo ya kutwa. Hata sato huyu mnayemsifu si mwenyeji, atakwambia. Yeye na sangara wote waliletwa ziwani humu kuanzia miaka ya 1950. Mwenyeji ni ngege, na ngege siku hizi ni bahati kumpata. Akifika kwenye ngege, hata ugali unapoa.

Kuhusu ugali: omba wa muhogo kama upo. Udaga na sato wa kuchoma vinaelewana kuliko sembe. Chumvi, ndimu, pilipili mbuzi, kachumbari isiyo na maji. Basi.

La nne na la tano niliyoahidi ni mafupi. Kaeni chini ya paa au mwavuli, kwa sababu mwewe wa Mwanza hawana adabu. Mmoja alishuka akamnyang'anya mwanangu mdogo kipande mkononi, na mtoto alilia kwa hasara zaidi ya woga. Na mwiba ukikwama kooni mwa mtoto, msimpe matonge ya ugali ausukume kama tulivyofanyiwa sisi, mpelekeni hospitali.

Kwa wanaoendelea na safari kuelekea Sengerema na Geita: zamani chakula cha njiani tulikula kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, tukiwa na mashaka kama tutavuka kabla ya giza. Tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo–Busisi, la takribani kilomita 3, na ng'ambo inafikiwa kwa dakika chache. Maana yake ni kwamba hamna tena sababu ya kula kwa haraka Mwanza. Agizeni samaki mzima, subirini.

Njia hii ya mgongoni inafaa pia kwa samaki wengine wenye umbo la sato, hata changu wa pwani. Ila msiende kujifunzia hotelini. Nunueni sato sokoni kwenu wiki moja kabla ya safari, mkaangeni nyumbani, kila mtoto aling'oe pezi kwa mkono wake. Mkifika ziwani, mhudumu asiwapangie watoto chakula.