Kijana Amerudishwa Nyumbani Kutoka Bweni: Tumwulize Nini?



Somo hili ni la wale wetu wenye wavulana katika shule za bweni, na pia la kikundi chochote ambacho kimewahi kutoa mkopo wa karo. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mtenge kama saa moja hivi.

Tuanze na barua. Wengi wetu tunaijua hiyo barua. Inaletwa na kijana mwenyewe, sanduku begani, siku ambayo si ya kufunga shule. Inasema mtoto wako ni mkaidi, amewajibu walimu vibaya, ameruka ua, basi arudi na mzazi baada ya wiki mbili. Imepigwa muhuri, na haisemi zaidi ya hapo.

Mwaka wa 2016, muhula wa pili, barua ya namna hiyo ilimfikia mama mmoja wa kikundi cha kufuma vyondo tunachokitembelea, huku Ukambani. Ilikuwa ya tatu tangu kijana aingie kidato cha kwanza. Kikundi kilikuwa kimemkopesha shilingi 9,000 za karo, naye hakuwa amelipa hata nusu. Mjomba wa kijana alipopata habari alikata fimbo ya mkwaju akaja nayo. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema, na kazi akaifanya. Kijana hakulia, wala hakusema neno.

Nasi hatukufanya vizuri zaidi. Tulimwita ofisini, tukamkalisha kwenye kiti, tukafungua faili na kumwuliza, "Kwa nini unamtesa mama yako hivi?" Akaangalia dirisha. Na diploma yetu iko hapo ukutani! Jioni tukaandika katika faili: hana adabu.

Siku ya nne mama alikuwa anapukuchua mahindi. Kijana akaja, akaketi, akaanza kupukuchua bila kuambiwa. Mama hakumwuliza juu ya barua. Alimwuliza chakula cha huko kikoje, na analala karibu na nani. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiangalia mahindi, maneno yakaanza kutoka kidogo kidogo.

Kumbe alipokuwa kidato cha kwanza, yaani mono kama wanavyoitana huko, wakubwa walichukua godoro lake, akalala sakafuni karibu muhula mzima. Usiku aliwafulia nguo. Aliporipoti kwa kiranja, godoro lilikuwa kwa huyo huyo kiranja. Aliporipoti kwa mwalimu, aliambiwa awe mwanamume. Hapo ndipo alipoamua kwamba hamtii mtu tena: hanyoi nywele, haamki kengele ikilia, akiulizwa anajibu anavyotaka. Tusimfanye malaika lakini. Alipofika kidato cha pili, naye aliwafulisha mono nguo zake.

Halafu akasema, "Mama, tunachangishwa shilingi ishirini ishirini."

"Za nini?"

"Za petroli."

Usiku ule aliokamatwa akiruka ua, alikuwa na mtungi mtupu mkononi. Alikuwa ametumwa. Walimu walimwadhibu kwa kuruka ua, wakamwandikia barua, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtungi ni wa nini.

Msomaji akumbuke kwamba mwaka huo wa 2016 zaidi ya shule 100 nchini zilichomwa, nyingi katika muhula huo wa pili. Na huku kwetu hakuna asiyejua habari za Kyanguli, Machakos, ambako wavulana 67 walikufa bwenini Machi 2001. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa.

Mama hakulala usiku huo. Akisema, mwanawe ataitwa msaliti, au polisi watamchukua kwa sababu alichanga. Akinyamaza, kuna watoto wa wenzake katika bweni lile. Alfajiri alikwenda kwa mama mwenyekiti, na wote wawili wakatugongea. Tulifika shuleni saa tatu. Mkuu wa shule alituambia kwamba shule yake haina mambo kama hayo, akatuacha kwenye benchi mpaka saa sita. Mwenyekiti akasema yeye haondoki, hata kama atalala pale. Mwishowe naibu aliagizwa atafute. Mtungi ulipatikana darini, umejaa. Mwingine alikuwa ameshatumwa.

Bweni halikuungua. Lakini tuliomba jina la kijana lisitajwe, na kufika jioni shule nzima ilikuwa inalijua. Hakuweza kurudi pale. Alipata nafasi katika shule ya kutwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na mjomba yule yule ndiye aliyelipia sare. Kikundi nacho kilibishana mikutano miwili kuhusu zile 9,000. Waliongeza muda wa kulipa. Mwanachama mmoja alikasirika akajitoa, na hajarudi. Leo kijana ni fundi wa kujenga kwa mawe. Bado ni mbishi. Hata juzi alitugombeza juu ya vipimo vya tangi la maji, na tuseme ukweli, vipimo vyetu vilikuwa na makosa.

Tuongeze machache ya sheria. Kiboko shuleni kilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili, na anayevunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili. Kwa hiyo mzazi anayemwambia mwalimu "mchape tu, nimekuruhusu" anamtia mwalimu matatani. Tena mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na vitanda viachane angalau mita 1.2. Siku ya kuwatembelea watoto, msiishie chini ya mti na chapati. Ombeni kuliona bweni. Mkikataliwa, andikeni barua kwa pamoja, maana ya mzazi mmoja hutupwa.

Sasa igizo. Mmoja awe kijana aliyerudishwa, mwingine mama, mwingine mjomba. Mara ya kwanza mwulizeni juu ya barua. Mara ya pili mpeni kazi ya mikono, na msiitaje barua kabisa. Halafu aliyeigiza kijana aseme ni wapi alitaka kuongea, na ni wapi alifunga mdomo.

Kisha mjadiliane: katika kikundi chetu ni nani ambaye kijana wa mwanachama angeweza kumwendea usiku akiwa na neno kama lile la petroli? Na kama hakuna, tumchague nani, na vijana watajuaje kwamba ni yeye?