SOMO: KUSOMA PAMOJA KWA SIMU



Mnakumbuka mwaka 2024. Shule zilitakiwa kufunguliwa tarehe 29 Aprili, lakini kwa ajili ya mafuriko zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kabla ya hapo, Machi 2020, zilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Huku kwetu Chewele, barabara ikikatika, mtoto hukaa nyumbani na daftari lake. Je, akae tu? Leo tuangalie jinsi wanafunzi wanavyoweza kusaidiana, hata kama simu zenye intaneti ni chache.

Mfano wa majirani

Kule Dadaab, mbele ya Garissa, wakimbizi waliweza kusoma kozi za chuo kikuu bila kuhama kambini. Mpango huo, uitwao BHER, uliunganisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi hapa Kenya, na York na British Columbia vya Kanada. Walisoma kwa intaneti, na pia walikutana kituoni ana kwa ana. Basi tujifunze hili: intaneti humleta mwalimu wa mbali, lakini mwenzako wa karibu ndiye anayekusukuma usikate tamaa.

Jinsi ya kuanza

1. Wakutane watano au sita wa darasa moja. Simu moja ya mzazi inatosha. Asiye na simu nyumbani aalikwe kwanza, maana ndiye anayeachwa nyuma.

2. Mwalimu atume swali kwa WhatsApp. Maandishi au picha ya ukurasa hula bando kidogo kuliko video.

3. Kila mmoja ajaribu kwanza kwenye daftari lake. Hapa ndipo vikundi vingi huharibika: mmoja anafanya, wengine wananakili. Siku ya mtihani simu haingii chumbani!

4. Halafu wajadiliane. Aliyepata jibu asilitaje tu, aeleze amelipataje. Akieleza, na yeye anaelewa zaidi.

5. Mmoja aandike mahali waliposhindwa, wamtumie mwalimu. Kazi hii izunguke, wavulana kwa wasichana.

Na mtandao ukikosa?

Iko programu ya bure inayoitwa Kolibri. Masomo yakishapakuliwa mahali penye mtandao, hutumika bila intaneti, na kompyuta moja huweza kuhudumia simu kadhaa zilizo karibu nayo. Shule yenye kompyuta moja na umeme wa jua inaweza kuanza.

Tahadhari

Mzazi au mwalimu awemo kwenye kikundi cha simu. Picha na nambari za watoto zisipewe watu wasiojulikana. Wapange saa moja maalum, simu isije ikala usiku wote.

Wazazi, tusiseme hii ni kazi ya walimu peke yao. Kumwazima mtoto wa jirani simu kwa saa moja ni msaada mkubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni watoto gani hawana simu nyumbani? Nani atawaalika?
2. Simu zitachajiwa wapi, na bando litanunuliwa na nani?
3. Tutajuaje kwamba watoto wanaelewa, si kunakili tu?