Dondoo muhimu: Meno ya mtoto mwenye usonji

Mzazi wa Maramba, mtoto anayetafuna kola ya shati kutwa hafanyi utukutu. Hivyo ndivyo anavyojituliza.

1. Usimchape, mpe kitambaa safi, kigumu, atafune akiwa machoni pako.
2. Usimnyamazishe kwa pipi wala muwa. Hili ndilo kosa kubwa: sukari ikishinda mdomoni, meno huoza.
3. Povu likimkera anapopiga mswaki, punguza dawa ya meno: kiasi cha punje ya mchele chatosha kwa aliye chini ya miaka 3.
4. Msugue kwa mswaki laini, hesabu kwa sauti hadi kumi, pumzika, endelea.
5. Kabla ya kwenda Hospitali ya Bombo, Tanga, mzoeshe kupanua mdomo kwa kijiko. Mweleze daktari mapema sauti zinazomtisha.
6. Akianza ghafla kujipiga shavu au kukataa chakula, mpeleke hospitali: huenda jino linauma na hawezi kusema.