Kadiri ya Diski kwa Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta yangu hapa Sotik imewekwa katika chumba ambacho dirisha lake latazama michai inayoteremka hadi mtoni, na ndani ya kasha lake mna diski nne, ambazo kila moja niliinunua kwa sababu yake maalumu, baada ya kuwa nimekwisha kununua nyingine bila ya sababu yoyote ila tamaa.

Riziki yangu ni kupiga video za harusi na za koito, yaani ile siku ambayo jamaa za Kikipsigis huketi kupatana mahari, na asiyepata kuifanya kazi hii hudhani kuwa mzigo wake ni kamera. Kamera yangu huandika megabiti 50 kwa sekunde, nazo ukizigawanya kwa 8 ni megabaiti 6.25, na ukizidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja wapata gigabaiti 22 na nusu. Basi koito ya saa sita, iliyopigwa kwa kamera mbili, hurudi nami nyumbani na gigabaiti 270. (Mashine ya diski iitwayo RAMAC, ambayo kampuni ya IBM iliitoa mwaka 1956 ikiwa na sahani 50, ilibeba herufi milioni 5: haingalimeza hata sekunde moja ya bibi harusi.) Hesabu ya namna hii, kila mtu kwa kadiri ya shughuli zake, yapasa ifanywe kabla ya kwenda dukani.

Mimi sikuifanya. Nilipanda matatu hadi Nairobi, nikashuka Luthuli Avenue, nikanunua diski moja ya terabaiti 4, nikahamishia humo kila nilichokuwa nacho. Usiku mmoja wa mvua umeme ukakatika na kurudi mara tatu katika muda wa robo saa, na uliporudi mara ya mwisho nikaisikia diski ikigonga, tik, tik, tik, ikinyamaza, kisha ikigonga tena, mfano wa mgeni abishaye hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Haikufunguka tena. Koito mbili zilipotea, na katika moja mlikuwa na dua ya mzee ambaye alikuwa amekwisha fariki. Mjane wake aliniuliza, “Mwanangu, hata sauti yake haikubaki?” Nilitazama chini.

Tangu siku hiyo sinunui diski pasipo kuuliza ni nani atakayeibeba ikianguka. Ya mfumo ni SSD ya gigabaiti 500, nayo yatosha kabisa, maana haitiwi ila Windows na programu. Ya kazi ni ya terabaiti 2, ambayo Windows huionyesha kuwa gigabaiti 1,862 hivi, si kwa kuwa umepunjwa, bali kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024. Mimi huitia koito sita tu, ikabaki na nafasi ya kupumua. Mbili zilizosalia ni za terabaiti 4 kila moja, zilizofungwa pamoja kwa RAID 1, hata kila kiandikwacho katika hii huandikwa katika ile. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha: ukioanisha ya 2 na ya 4, wapata 2 tu, na ziada ya ile kubwa hulala bure.

Aidha, mashine nyingi zinazouzwa huku ni mitumba ya maofisini, ambazo kasha jembamba la kila moja aghalabu lina nafasi ya diski moja tu iliyo kubwa kwa umbo. Basi lifungue kwanza, uhesabu nafasi na nyaya za umeme. Na diski ambayo orodha ya sehemu zake imepangwa kwa mtindo wa MBR haitatumia zaidi ya terabaiti 2 hivi. Ipange kwa GPT.

Walakini ile jozi ya RAID 1 si nakala ya akiba, kwani ukifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika kote kuwili papo hapo. Kwa hiyo ipo ya tano, ya terabaiti 4 vilevile, ili iweze kumeza kila kilichomo katika jozi. Hii haikai Sotik. Imo kabatini kwa shemeji yangu huko Kapkatet, imeviringishwa katika sweta kuukuu, nami huenda kuichukua kila mwisho wa mwezi, nikaijaza, nikairudisha. Shemeji amekwisha acha kuniuliza ina nini.