MJI MDOGO WENYE WAGENI WENGI
Jinsi watu wa Banff wanavyogawa ardhi isiyoongezeka

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii ni ya kweli katika kila mji unaoishi kwa kupokea watalii, maana mgeni huleta fedha, na fedha huleta kazi. Lakini methali haisemi mwenyeji alale wapi ikiwa kila chumba kimekodiwa na mgeni. Swali hilo huyasumbua mabaraza ya miji mingi midogo ya milimani duniani. Somo hili laeleza jinsi mji mmoja, Banff katika nchi ya Kanada, ulivyojaribu kulijibu kwa njia ya sheria, na jinsi kila jibu lilivyokuwa na gharama yake.

MJI NA MAHALI PAKE

Banff upo magharibi mwa Kanada, katika jimbo la Alberta, yapata kilomita 125 kutoka mji mkubwa wa Calgary. Umejengwa bondeni kando ya mto Bow, mahali palipoinuka karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Rocky imeuzunguka. Mwaka 1883 wafanyakazi wa reli waliona hapo chemchemi za maji ya moto. Mwaka 1885 Serikali ilitenga eneo la chemchemi hizo, na mwaka 1887 ikalipanua na kulifanya hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Kanada. Mwaka 1888 kampuni ya reli ya Canadian Pacific ilifungua hoteli kubwa ili kuwavuta abiria.

Katika kuitenga nchi hiyo kosa kubwa lilitendeka. Watu wa Stoney Nakoda, ambao tangu kale waliwinda katika bonde hilo, walizuiwa kuwinda humo wakaondolewa. Basi mistari ya kwanza iliyochorwa katika ramani ya Banff ilichorwa bila kuwajali waliotangulia kuishi huko. Msomaji na alishike jambo hili, kwa maana litarudi mwishoni.

Siku hizi hifadhi hiyo hupokea watu zaidi ya milioni 4 kwa mwaka. Mji wenyewe una eneo la kilomita za mraba 4 tu, na hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha wakazi 8,305. Mipaka ya mji imewekwa kwa sheria ya nchi, wala Baraza la Mji haliwezi kuisogeza.

Sababu ya kuizuia mipaka ni wanyama. Bonde la Bow ni jembamba, na mbwa-mwitu, dubu na kulungu wakubwa hulipita wakitafuta malisho na mawindo. Mji umekaa katikati ya mapito yao. Zamani palikuwa na zizi kubwa la nyati wa Kanada karibu na mji, katika njia mojawapo ya wanyama. Zizi hilo liliondolewa mwaka 1997, na baada ya hapo mbwa-mwitu walianza tena kuitumia njia ile. Watu wakaona kwa macho kwamba mahali pa kuweka jengo, au pa kutoliweka, huamua mambo mengi kuliko jengo lenyewe.

ARDHI HAIUZWI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ardhi yote ya Banff ni mali ya taifa. Mtu aweza kununua nyumba, lakini kiwanja chini ya nyumba hukikodi kwa Serikali kwa mkataba. Mikataba mingi ni ya miaka 42. Mwenye mkataba ana haki ya kukaa, kujenga kwa kibali, na kuuza nyumba yake pamoja na haki ya mkataba. Hana haki ya kufanya lolote apendalo.

Jambo la pili hushangaza zaidi. Hata mtu mwenye fedha nyingi hawezi kuhamia Banff kwa sababu tu anapenda kuitazama milima. Sheria yadai awe na haja ya kukaa humo. Wenye haja hiyo ni hasa hawa: aliyeajiriwa katika hifadhi, mwenye biashara humo ambaye lazima awepo kila siku kuisimamia, mwanafunzi wa shule iliyomo, na mstaafu aliyefanya kazi humo kwa miaka mitano mfululizo kabla ya kustaafu. Mume au mke wa watu hao, pamoja na wanaowategemea, huruhusiwa pia.

Kwa sheria hiyo Banff umeepuka ugonjwa ulioipata miji mingi ya namna yake, ambako matajiri wa mbali hununua nyumba, huzifunga miezi kumi, na kuzifungua wakati wa likizo tu. Katika miji hiyo utaona madirisha yenye giza usiku, na wapishi na wafagiaji wakisafiri mwendo mrefu kila alfajiri. Uswisi nayo iliuona ugonjwa huo. Mwaka 2012 raia wake walipiga kura, wakakubali kwa wingi mdogo kwamba nyumba za likizo zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika wilaya moja.

MPAKA WA MADUKA NA HOTELI

Hata hivyo, kumzuia asiye na kazi hakutoshi. Ikiwa hoteli zitaongezeka kila mwaka, wenye kazi wataongezeka pia, na nyumba hazitatosha. Shauri hili lilichunguzwa katika uchunguzi mkubwa wa bonde la Bow uliomalizika mwaka 1996. Mwaka 1998 Waziri aliyehusika, Bi. Sheila Copps, aliamuru kwamba nafasi ya biashara itakayoongezwa Banff isizidi futi za mraba 350,000. Wafanyabiashara waliotumaini kupata nafasi kubwa zaidi hawakufurahi. Walisema kwamba mji usiokua hufa. Wengine walijibu kwamba mji ulio ndani ya hifadhi haupimwi kwa wingi wa maduka.

Mji una pia sheria ya matumizi ya ardhi. Sheria hiyo huugawa mji katika sehemu: hapa makazi, hapa maduka na hoteli, hapa huduma za umma. Husema jengo liwe na urefu gani, liache nafasi kiasi gani kando ya njia, na liwe na sura gani ili lisiharibu mandhari. Hata nyumba za watu zinazolaza wageni kwa malipo zina idadi maalumu, kwa sababu kila chumba anachopewa mgeni ni chumba ambacho mfanyakazi hatakipata.

WENYE KAZI WALALE WAPI

Pamoja na sheria zote hizi, taabu haikwisha. Mpaka wa wakazi uliokusudiwa kwa mji huo ni watu 8,000, na hesabu ya mwaka 2021 ilikwisha kuupita. Kijana aliyekuja kufanya kazi ya hoteli huenda akalala chumba kimoja na wenzake kadhaa. Wengi hukaa katika mji wa Canmore, nje ya mpaka wa hifadhi, na kwenda kazini kwa basi. Lakini Canmore hakuna sheria ile ya haja ya kukaa. Matajiri hununua huko, na bei ya nyumba imepanda sana. Ndivyo ilivyo: maji yakizuiwa shamba moja, huingia shamba la jirani.

Banff umejaribu dawa mbili. Kwanza, anayetaka kujenga jengo la biashara hutakiwa kuchangia makao ya wafanyakazi wake. Pili, mji wenyewe hujenga nyumba. Mwaka 2018 jengo liitwalo Ti'nu, mali ya mji, lilifunguliwa likiwa na nyumba za kupanga zaidi ya 100. Lakini kwa kuwa mji hauwezi kupanuka, njia iliyobaki ni kujenga kwa kubanana na kwenda juu kidogo. Hapo mwenye nyumba ya siku nyingi hulalamika kwamba ghorofa la jirani litamnyima jua, na kwamba motokaa zitaujaza mtaa wake. Malalamiko yake si ya upuuzi, wala haja ya mpishi asiye na kitanda si ya upuuzi.

SHAURI HUPITA NJIA GANI

Hadi mwisho wa mwaka 1989 mambo ya mji yaliamuliwa na maofisa wa Serikali kuu. Tangu tarehe 1 Januari 1990 Banff una baraza lake lililochaguliwa, lenye Meya mmoja na madiwani sita. Baraza likitaka kubadili sheria ya matumizi ya ardhi, habari hutangazwa, na siku huwekwa ya kuwasikiliza raia. Mswada husomwa mara tatu kabla ya kuwa sheria. Asiyeridhika na kibali cha jengo aweza kukata rufani. Serikali kuu nayo, ambayo ndiyo mwenye ardhi, huangalia kwamba mpango wa mji haupingani na hifadhi.

Mfano wa njia hiyo ni habari ya barabara kuu. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Baraza lilifunga sehemu ya barabara hiyo kwa motokaa wakati wa kiangazi, ili watu watembee kwa nafasi. Mikahawa iliweka meza nje, wageni wakapendezwa, na desturi ikarudiwa miaka iliyofuata. Lakini wakazi wa mitaa ya kando walisema motokaa sasa zapita milangoni mwao. Waliandika maombi wakakusanya sahihi, na Agosti 2024 kura ikapigwa. Wasiotaka barabara ifungwe walishinda kwa tofauti ndogo, na motokaa zikarudi.

MAFUNZO YA HABARI HII

Mtu aweza kudhani kwamba ramani ya mji ni kazi ya mafundi wenye rula na wino. Banff unaonyesha kwamba kila mstari wa ramani humpa mtu mmoja kitu na kumnyima mwingine. Sheria ya haja ya kukaa ilimlinda mfanyakazi, ikamnyima tajiri wa mbali. Mpaka wa maduka uliwalinda wanyama, ukamnyima mfanyabiashara. Hakuna mstari usio na mwenye kulia.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mstari ni mzuri. Yapasa kuuliza pia kama yule atakayenyimwa aliitwa barazani, akasikilizwa, na akaonyeshwa sababu. Watu wa Stoney Nakoda hawakuitwa, na uchungu wa jambo hilo haukwisha kwa zaidi ya miaka mia moja. Wenye mikahawa walioshindwa kwa kura chache mwaka 2024 walijua walishindwa na nani, na kwa hesabu gani.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Kwa nini mji wa Banff hauwezi kupanuka?
2. Je, ni haki kumzuia mtu kununua nyumba mahali asipofanya kazi? Toeni sababu za pande zote mbili.
3. Ikiwa mji wenu ungekuwa na nafasi ya jengo moja tu, mngejenga hoteli au nyumba za wafanyakazi? Nani angenyimwa, na mngemwambia nini?