Alama ya ✓ isikukwamishie ripoti ya ghala

Umeandika programu ya Python, mizani.py, ya kupokea alizeti kwenye ghala la Mitundu. Kwenye terminali yako kila mzigo unapata ✓ safi. Karani anaiendesha kwenye Windows yake, anaelekeza ripoti kwenye faili, na programu inakatika katikati: UnicodeEncodeError. Mkulima amesimama pembeni ya mizani anasubiri kilo zake. Tatizo hili lizuie mapema.

Kusanya alama zote mahali pamoja. Kila moja ipe mbadala wa herufi za kawaida: ✓ iwe SAWA, ✗ iwe KOSA, → iwe ->, … iwe nukta tatu. Ukizitawanya ndani ya msimbo utazisaka mpaka usiku.

Programu inapoanza, soma sys.stdout.encoding, kisha pitisha alama kwenye encode() kwa jina hilo. Ikigoma, tumia mbadala. Fanya hivyo kila inapowashwa, kwa sababu kwenye Windows jibu la skrini na jibu la faili mara nyingi hayafanani.

Ukaguzi huo hauoni fonti. Alama inaweza kupita salama, kisha skrini ikaonyesha kiboksi kitupu. Mwekee karani chaguo la --ascii, na likitumika lishinde ukaguzi wako wote.

Upana ndio unaowaponza wengi. ✓ kwa kawaida inakula nafasi moja, ✅ mbili, SAWA nne. Safu zikipinda, mtu atasoma kilo za mwenzake. Tenga nafasi nne tangu mwanzo, na emoji usiziingize kabisa kwenye jedwali la malipo ya watu.

Kiswahili chenyewe kinatosha ndani ya herufi 128 za ASCII. Lakini ukinakili "ng’ombe" kutoka Word, ritifaa ile iliyopinda haimo humo. Weka ' ya kibodi.

Kabla hujapanda gari la Itigi kwenda Mitundu, jaribu hivi kwenye Linux:

PYTHONIOENCODING=ascii python3 mizani.py > ripoti.txt

LC_ALL=C peke yake isikudanganye; tangu Python 3.7 inaweza kukurudishia UTF-8 kimyakimya. Pitisha mzigo mzuri, mzigo wenye kosa, na jina lenye ng'. Kisha fungua ripoti.txt uhesabu mistari: kila mzigo uwe na SAWA au KOSA yake.